Usufi wa Mkaguzi

Kila alipoingia katika jengo hakusema neno. Alisimama mlangoni mpaka waliokuwa ndani wakaanza kusahau kwamba yupo, kisha akatafuta kiti, au gogo, au ndoo iliyopinduliwa, akaketi. Kutoka mfukoni mwa shati alitoa kisanduku cha kiberiti. Ndani hamkuwa na njiti. Mlikuwa na usufi, ile pamba nyepesi ya msufi ambayo katika miezi ya jua huruka juu ya mji wetu na kutua mtoni kama povu. Alichomoa kidogo tu, akauinua kwa vidole viwili hadi usawa wa pua, akauachia.

Halafu alitazama, na sisi tukatazama naye. Cherehani zilinyamaza, misumeno ikanyamaza. Usufi ukielea polepole hadi dirishani na kutoka, alifunga kisanduku, akaaga, akaenda zake. Ukipanda na kushuka palepale, ukizunguka bila kwenda popote, alisema kwa sauti ya mtu anayeongea usingizini: "Hapa hewa iko inalala."

Alikuwa mkaguzi wa afya katika majengo na karakana za mji. Kazi yake ilikuwa kuangalia kwamba watu hawaugui kwa sababu ya mahali wanapofanyia kazi au wanapolala: moshi, vumbi, rangi, maji yaliyotuama chini ya sakafu. Makiso nzima, yaani mitaa yetu ya katikati ya mji, ilimwita Papa Hygiène. Mimi nilimwita Mkaguzi, na yeye aliniita Bobineur, kwa kuwa ninasuka upya nyaya za mota zilizoungua. Nilimjua miaka mingi. Nikimfikiria leo, anakuja kama watu wanavyokuja katika ndoto, bila hatua wala mlango: ameketi juu ya ndoo, mikono magotini, uso umeinuliwa, anafuata kitu cheupe kisicho na uzito.

Nyuma ya picha hiyo ipo nyingine, ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuiondoa kichwani. Ni jiko la nyumbani kwake, upande wa maporomoko, ambako mkewe alikausha samaki kwa moshi nyuma ya mlango uliofungwa, akikohoa. Jiko lile halikuwa na dirisha. Mkaguzi alikuwa amefungua madirisha ya nusu ya mji. Kila jioni alirudi kwenye ukuta ule mmoja usiofunguka, na alijua vizuri kuliko sisi sote ni kitu gani kilikuwa kikiingia katika kifua cha mama yule.

Mara ya kwanza alikuja kwangu kwa sababu ya moshi. Ili kutoa nyaya kuukuu katika mota, sisi mafundi huzichoma, na vanishi inayoungua hutoa moshi mweusi unaoacha utamu mbaya kooni. Nilichomea uani, nyuma ya ghorofa ya zamani ambayo wapangaji wake walikuwa wameshachoka kunitukana. Alisimama upande upepo unakotokea. Baadaye niligundua kwamba alisimama upande huo siku zote, hata msibani.

"Bobineur, unachoma nini?"

"Vernis, papa. Bila kuchoma, shaba haitoke."

"Na unachomaka saa gani?"

"Asubuyi."

"Asubuyi upepo haiyaamuka. Ngoja saa tisa. Ile ya mto inakuja, inapeleka uchafu yako juu ya maji, kule kwenye hakuna mutu."

"Na samaki je?"

Alinitazama kana kwamba swali lilistahili kupimwa. "Samaki banajua kuzama," alisema. "Weye unajua?"

Baada ya hapo tuliunganisha mapipa matupu ya mafuta ya mawese, moja juu ya jingine, tukapata bomba lililopita paa la ghorofa. Nilichomelea mimi, yeye alishikilia pipa na kunisimulia habari za hewa. Kwa maelezo yake hewa ilikuwa kama mgeni: huingia ikiona pa kutokea, na ukiifungia mlango mmoja haitakuja kwa mlango wa pili. Nilikuwa nimesoma jambo hilohilo katika kitabu kuukuu cha mafundi wa viwandani, kwa michoro na mishale. Kwake hapakuwa na mishale. Palikuwa na mtu anayeingia na kutoka.

Kofia yake ilikuwa nyeupe na safi siku zote, jambo la ajabu kwa mtu wa kazi ile. Viatu vyake havikuwa na kamba. Hakupenda kupanda ngazi. Alizipanda akiwa ameshika ukuta, akinung'unika. Alipenda karanga za kuchemsha. Na alikuwa hasikii harufu. Hilo watu wengi hawakulijua. Ujanani alifanya kazi kwenye mapipa ya dawa ya kusafishia maji, siku moja pipa likavuja, na tangu hapo pua yake ikabaki, kama alivyosema, kwa ajili ya kuvaa miwani.

"Pua yangu iko nyumbani," aliniambia. Nilidhani ni mzaha. Lakini nilipoanza kufika kwake niliona kwa macho yangu. Alipoingia, kabla ya salamu, mkewe alimvuta karibu kwa ukosi wa shati na kunusa.

"Leo ulikuwa kwa menuisier."

"Njo," alikubali.

"Alikuwa anapaka colle."

"Sijue. Niliona tu macho yake nyekundu."

"Ni colle. Kesho rudia, umwambie apakie inje."

Na kesho yake alirudi kwa seremala akamwambia apake gundi nje, na seremala akashangaa mkaguzi amejuaje. Sehemu kubwa ya sifa za Papa Hygiène katika mji huu, kwa hiyo, ilikuwa sifa ya mwanamke muuza samaki ambaye hakuwahi kukanyaga karakana hata moja.

Hakupenda kugombana, lakini hakukwepa ugomvi. Aliuahirisha. Kulikuwa na ghala la zamani karibu na bandari, lililoezekwa kwa vile vigae vipana vya kijivu vya wakati wa wakoloni, vya simenti iliyochanganywa na asbesto. Mwenye ghala alitaka kuezeka bati jipya. Vijana walipanda juu na nyundo, wakaanza kupasua, vumbi likashuka jeupe, zuri, likitanda juu ya vichwa vya wapita njia kama unga. Chini walisubiri akina mama wakiwa na vikapu, maana vipande vile vinapendwa sana kwetu: haviungui. Huwekwa chini ya mbabula, yale majiko ya makaa, ili sakafu isipasuke, na wakausha samaki huvitumia kufunika matanuri yao. Kila nyumba ya upande wa mto ilikuwa na kipande.

Mkaguzi alisimama upande wa upepo, akaita juu:

"Mulowanishe kwanza. Tutagombana nyuma."

"Papa Hygiène, tukimwanga maji itakuwa muzito," alijibu kiongozi wao. "Nani atabeba?"

"Utabeba weye."

"Alors? Na mugongo yangu?"

"Ikiwa kavu pia utabeba. Ndani ya kifua, na hautaishusha."

Walicheka, lakini kicheko kilipungua, kwa kuwa yeye hakucheka. Maji yakaletwa kwa madumu kutoka mtoni. Siku ile tulimsikia akisema mara nyingi, kila kigae kikiguswa, "Lowanisha kwanza," mpaka vijana wakayageuza kuwa wimbo wa kazi, mmoja akiita na wengine wakiitikia. Maneno hayo yalitoka ghalani yakaingia mjini. Mtu akifagia uwanja mkavu, jirani atamwambia lowanisha kwanza. Hata wagombanao sokoni huambiwa hivyo, na wanaelewa.

Jioni aliketi ukingoni akapangusa vumbi kwenye viatu kwa kitambaa kibichi. Alitoa usufi, akaushika bila kuuachia.

"Hii yangu unaiona," aliniambia. "Ile ya mule ndani ya vigae ni uzi pia, lakini haionekane. Njo tofauti. Mutu anaogopa kile anaona."

Kisha akaongeza, akitazama maji: "Bibi yangu iko nayo moja. Juu ya tanuri."

Kile kipande alifanikiwa kukitoa. Alikifunga katika turubai lililoloweshwa, akakizika mbali, akamletea mkewe kifuniko cha chuma nilichokitengeneza mimi. Mama yule alikitumia, akalalamika mwaka mzima kwamba samaki wananuka duka la vyuma. Kwa Mkaguzi ule ulikuwa ushindi mdogo sana, maana moshi ulibaki.

Nilikula kwao mara nyingi, kwa hiyo mazungumzo ya ukuta nayajua. Yalikwenda hivi karibu kila mara:

"Mama, tufungule hii ukuta kidogo."

"Ukuta ya nani?"

"Ya jikoni."

"Jiko ya nani?"

"Ya kwako."

"Bon. Kula, papa, liboke inapoa."

Naye akala samaki wake katika jani, macho yakimtoka machozi kwa moshi.

Mama alinieleza sababu zake siku moja mumewe akiwa ameenda kuswali. Hazikuwa sababu za kijinga. Samaki wake walipanda mashua kwenda Isangi, na wengine walipelekwa mbele zaidi, hadi Yahuma. Lazima wafike wakiwa wakavu, weusi, wanalia wakigongwa. Moshi ukipata pa kutokea, moto unakula kuni nyingi na samaki anabaki na maji tumboni. Watu wa familia yake, wavuvi wa maporomoko, walijenga majiko bila dirisha kwa makusudi, na jina lake kwa wanunuzi lilikuwa ule weusi.

"Njo kusema, tonton," alimalizia, akiniita hivyo, yaani mjomba, ingawa alinizidi umri, kwa ajili ya watoto wa jirani waliokuwa wakisikiliza, "akifungula ukuta, anafunga biashara. Na mi nazaliwa ndani ya moshi. Unajua mutu anaogopa mama yake?"

Kisha akakohoa, akiinama, mkono mmoja juu ya nguzo, na aliponyanyuka alitabasamu kama mtu aliyekoswakoswa na gari.

Nilimuuliza Mkaguzi kwa nini hajawahi kutumia usufi katika jiko lile. Kila mtu mwingine alisadiki akishaona. Tulikuwa tunatembea kurudi katikati ya mji, na toleka, zile baiskeli za abiria, zilitupita kengele zikilia.

"Nikifungula ile kisanduku mbele yake," alisema, "ninatoka mu ndoa, ninaingia mu kazi. Mutu haingie kwa bibi yake kama mukaguzi."

Sikukubaliana naye, na sikumwambia. Mimi ni mtu wa vipimo; naamini kifaa kinasema kilekile popote kinapowekwa. Lakini yeye alikuwa na adabu fulani juu ya vyumba. Aliamini kwamba kila chumba kina mtu aliyekipa ruhusa ya kuwa kilivyo, na kwamba mtu huyo asipofungua mwenyewe, atafunga tena ukigeuka.

Yapo mambo yake ambayo sijayapatanisha hadi leo. Mtu huyu aliyefungua madirisha ya watu alilala kwake akiwa amefunga yote, na nyufa ameziziba kwa matambara, kwa kuogopa upepo wa usiku. Nilipomcheka alikasirika kweli. Alisema upepo wa mchana na upepo wa usiku si ndugu. Alidai kila fundi avae kitambaa puani, yeye havai, akisema kwamba pua yake haina kitu cha kulinda. Nilimweleza kwamba kifua si pua. Akaniambia nisome zaidi.

Kisa kinachosimuliwa sana juu yake ni cha washonaji. Nimekisikia kikisimuliwa vibaya, nami nilikuwepo sehemu ya mwisho. Katika jengo moja la Makiso, juu ya duka la fotokopi, palikuwa na chumba cha wanawake washonaji. Walipatwa na usingizi. Ilikuwa kila siku umeme ukikatika: muda kidogo ukipita, vichwa viliuma, kisha vilishuka mmoja mmoja juu ya vitambaa. Wengine walisema ni malaria. Wengine walisema kuna mwanamke aliyefia katika chumba kile ambaye hapendi kelele za cherehani. Kiongozi wao, aliyeitwa Mama Couture, alikuwa amemleta mchungaji akaomba, wakalala hata wakati wa maombi.

Mkaguzi alipanda, akishika ukuta.

"Papa, unakuja kutuangalia tunalala?" Mama Couture alimuuliza. Wenzake wakacheka kwa uvivu.

"Njo. Mulale tu."

Aliketi, akaachia usufi. Aliniambia kwamba haukwenda upande wowote. Uliposhuka karibu na mbao za sakafu, ulirudi juu, umesukumwa na pumzi kutoka katika ufa; ukapanda hadi darini, ukakaa. Akaachia mwingine, ukafanya vilevile. Alitazama vile vitu vyeupe vikipanda kutoka sakafuni kimoja baada ya kingine na akaona ni vizuri. Miguu ikawa na joto. Hakuwa na haraka ya jambo lolote. Akamwona mkewe ameketi jikoni katikati ya moshi, moshi umemzunguka kama shela, anageuza samaki, ametulia, anamtazama.

"Hakukohoa," aliniambia. "Nilimuangalia sana, Bobineur, na hakukohoa. Njo nilijua naota. Njo nilijua nakufa."

Alisimama akaanguka, akasimama tena, akapiga meza kwa mkasi. "Mutoke. Bote. Sasa." Waliokuwa macho waliwaburuta waliolala. Chini ya ngazi, nyuma ya mapazia ya duka la fotokopi, jenereta ilikuwa inanguruma ndani ya kichumba, imefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo, na sumu ya moshi wake, ile isiyo na rangi, ilikuwa ikipanda kwenye nyufa za mbao.

Mimi nilifika nikawakuta wamekaa barazani, wanatapika na kupepewa. Mwenye duka alikuwa anajitetea.

"Nikiiweka inje bataiiba, papa. Ile ya kwanza baliiba."

Mkaguzi hakumkaripia. Aliketi karibu naye, rangi ikiwa imemtoka usoni, akasema, "Bobineur atakujengea nyumba yake." Nikajenga: kizimba cha nondo ukutani nje, juu kuliko kichwa cha mtu, kufuli mbili, jenereta ndani yake kama ndege. Bado kipo. Baada ya hapo wengine wakataka cha kwao, na leo ukitembea mitaa ile utaviona, vizimba ukutani, vinanguruma.

Jioni ile nilimsindikiza nyumbani. Mkewe alimvuta ukosi, akanusa, akanusa tena.

"Leo sisikie kitu," alisema.

"Haina harufu, mama. Ile ya leo haina harufu."

Akamwachia shati. Alimtazama kama mtu anayeambiwa kwamba kuna mlango katika nyumba yake ambao hajawahi kuuona. Kisha akaingia jikoni na kufunga, na tukamsikia akikohoa, na Mkaguzi akainamisha kichwa akisikiliza. Sijui niseme aliteseka. Nadhani kwa mara moja hiyo alishukuru kukisikia kikohozi kile.

Alistaafu. Kazi zangu ziliongezeka, tukaonana kidogo. Nikasikia kwamba mama, mkewe, amelazwa, halafu kwamba amerudi nyumbani lakini moto hawezi tena kuupuliza. Mwaka huu, usufi ulipoanza kuruka, nilipanda toleka nikaenda upande wa maporomoko.

Nilimkuta mama nje, kwenye kiti, chini ya kibaraza, amejifunga kitenge mabegani ingawa jua lilikuwa kali. Alikuwa amekonda. Alizungumza kwa vipande vifupi, akipumzika kati ya kimoja na kingine.

"Tonton. Karibu. Mukaguzi yako. Iko ndani. Anaharibu samaki."

Mlango wa jiko ulikuwa wazi. Mkaguzi alitoka amefunga kitenge cha mkewe kiunoni, kofia imekuwa ya kijivu, mikono imeungua hapa na pale. Tulisalimiana. Juu ya ukuta, chini ya paa, palikuwa na tundu jipya, pana, na moshi ulikuwa unatoka humo kwa utulivu na kwenda mtoni.

"Alisema mwenyewe nifungule," aliniambia taratibu.

"Nilisema kidogo," mama alisema. "Yeye alifungula soko."

Mkaguzi akaniletea samaki mmoja nimuone. Alikuwa wa kahawia, si mweusi, na nilipomgonga hakulia vizuri.

"Batu ya Isangi banasema nini?" nikauliza.

"Banasema bibi yake alikuwa anajua kazi," Mkaguzi alijibu. "Ni kweli."

Mama alinyoosha mkono. Mkaguzi akaelewa kabla yangu. Akatoa kisanduku cha kiberiti akampa. Tulimsaidia kusimama, akaenda hadi mlangoni kwa miguu yake, na hapo akasimama bila kusema neno mpaka nikakaribia kusahau kwamba yupo. Kisha akachomoa usufi kidogo, akauinua hadi usawa wa pua, akauachia.

Ulikwenda polepole kuelekea kwenye tundu. Karibu na tanuri ukasita, ukageuka, ukaingia kona ya nyuma ya mlango, mahali alipokuwa akikaa mwenyewe maisha yake yote ili kugeuza samaki. Ukabaki pale, unazunguka.

"Papa," alisema. "Pale. Iko inalala."

"Njo."

"Fungula na pale."

Mkaguzi alichukua nyundo na tindo. Ukuta ule ni wa udongo, mkavu kwa moto wa miaka, na ungepukutika kwa pigo la kwanza. Aliweka tindo mahali pake. Aliinua nyundo.

"Papa."

Akageuka, nyundo bado hewani.

"Lowanisha kwanza," mkewe akasema.

Akashusha nyundo, akaiweka chini kwa uangalifu, akachukua ndoo, akateremka mtoni kuchota maji.